Habari na Sikio la Mzao

Neno habari katika Kiswahili lina kazi mbili ambazo lugha nyingine huzitenga. Ndilo salamu, na ndilo lielezalo matukio ya dunia. Watu wawili wakikutana njiani, habari za nyumbani huulizwa kwanza, kisha za kazini, na za mjini baadaye. Na jawabu la mwanzo, hata kama nyumba ina msiba, huwa ni njema. Baada ya njema hiyo hufuata kituo kidogo, kisha huja ila, na katika ila hiyo ndimo mnamotoka habari yenyewe. Anayejua adabu hii hakatizi. Hukaa kimya akaisubiri. Mazoea haya yana maana kubwa kuliko heshima ya kukutana. Yanaonyesha kwamba wenye lugha walikwisha tambua jambo ambalo wahakiki wa fasihi hawajalitia sana maanani, nalo ni kuwa habari ya mbali hupokewa na mtu aliyekwisha jaa habari za kwao. Hakuna sikio tupu.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akazuru makaburi ya waliouawa katika Vita vya Maji Maji, akaomba msamaha kwa mambo ambayo Wajerumani waliwatenda wazee wa watu wa huko. Jioni moja kabla ya hapo, mjini Nairobi, Mfalme Charles wa Uingereza alikiri katika karamu ya taifa kwamba ukatili waliofanyiwa Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru haukuwa na udhuru wowote, lakini neno lenyewe la kuomba msamaha hakulitamka. Habari mbili zilizofuatana hivyo hazikukosa kupimwa kwa mizani moja: huyu kaomba, yule hakuomba. Mizani hiyo ni sahihi, ila ni mizani ya mtu wa mbali. Kwa jamaa wa Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906, swali lilikuwa jingine, nalo lilikuwa la miaka mingi: kichwa kiko wapi? Mapokeo ya ukoo yasema kwamba kichwa cha Nduna kilikatwa kikachukuliwa Ujerumani, na kwamba kaburi lililoko Songea limehifadhi mwili usiotimia. Rais aliahidi kuwa kitatafutwa, bila ya kuahidi kuwa kitaonekana. Kwa msikiaji wa Berlin, na hata wa Dodoma, ahadi hiyo ilikuwa sehemu mojawapo ya hotuba. Kwa jamaa, yamkini ndiyo iliyokuwa hotuba nzima.

Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii inamtaja aliyeumwa mwenyewe. Haisemi neno juu ya mjukuu wake. Lakini Vita vya Maji Maji vilipiganwa tangu Julai 1905 hata 1907, na kila aliyevishuhudia amekwisha kufa. Anayeshtuka leo hakuumwa, alisimuliwa. Tena kisa cha nyumbani hakifanani na kovu, kwa sababu kovu hubaki kama lilivyo, ilhali kisa hupunguzwa, hutiwa chumvi, hufichwa mbele ya watoto, hukatizwa mgeni aingiapo. Basi hapa ndipo kazi ya mwanahistoria inapopakana na kazi ya mhakiki wa fasihi. Vita hivi vimeandikwa mara nyingi, lakini kwa maudhui haya zinatosha kazi tatu zilizotungwa kutoka umbali mbalimbali: utenzi wa mtu aliyeishi wakati wa vita, mchezo wa kuigiza wa kijana wa zama za uhuru, na riwaya ya mzaliwa wa Unguja aliyeiandika Uingereza baada ya miaka zaidi ya mia moja. Zote tatu, kila moja kwa njia yake, zinahusu jinsi habari inavyopokewa.

Utenzi wa Vita vya Maji Maji ni kazi ya Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi. Ulichapwa Ujerumani mwaka 1933, ukachapwa tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, kuwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Wengi wameusoma kama daftari la matukio, na kama daftari una faida yake. Lakini ukisomwa kwa kuangalia mshairi amesimama wapi, huonekana kuwa ni utenzi wa mtu wa mjini anayepokea habari za bara. Watu wa bara ni wengine kwake. Huruma yake juu yao na dharau yake vimekaa pamoja, wala hajishughulishi kuvitenga. Msomaji wa leo huudhika, na ana haki ya kuudhika. Hata hivyo, kabla ya kumhukumu, hapana budi aulize sikio la mtu wa pwani ya kusini lilikuwa limesikia nini hapo nyuma. Lilikuwa limesikia vita vya mwaka 1888, watu wa pwani walipoinuka dhidi ya kampuni ya Wadachi wakashindwa. Lilikuwa limesikia habari za Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, miaka kumi tu kabla ya Maji Maji. Habari ya dawa inayogeuza risasi kuwa maji ilipofika pwani, ilikuta watu wanaoujua mti wa kunyongea na waliokwisha lipa gharama ya kuamini kwamba Mdachi anaweza kufukuzwa. Ubaridi wa utenzi huu huenda si ukosefu wa moyo. Huenda ni woga wa nyumba zilizopigwa kwanza.

Inafaa kuulinganisha, kwa kupita tu, na utenzi mwingine wa vita. Shaaban Robert alitunga beti 3,000 juu ya vita vya mwaka 1939 hata 1945, zikachapwa mwaka 1967 kwa jina la Utenzi wa Vita vya Uhuru, miaka mitano baada ya kufa kwake. Humo majina ya wakuu wa Ulaya na ya miji yao yamemfikia mshairi kwa habari, wala si kwa ukoo, naye ameyapokea kwa njia iliyo wazi kwa mtu asiye na kaburi huko: vita vimekuwa shindano la wema na ubaya. Ni kazi kubwa ya lugha. Lakini anayetaka kujua jinsi habari inavyoingia katika nyumba asiitafute humo.

Aitafute katika Kinjeketile. Ebrahim Hussein aliuandika mchezo huu alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao ulichapwa mwaka 1969. Wakati ule ule, mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa chuo hicho walitumwa kwenda wilayani wakati wa likizo kuwauliza wazee waliobaki habari za vita. Na mwaka huo huo G. C. K. Gwassa na John Iliffe walitoa kijitabu cha ushahidi wa wazee na hati za zamani. Mchezo na ushahidi ni watoto wa wakati mmoja. Hussein mwenyewe, katika utangulizi wake, alitahadharisha kuwa Kinjeketile wa mchezo si yule wa historia, na tahadhari hiyo mara nyingi husomwa haraka na kusahauliwa.

Mchezo hauanzi kwa mtume wala kwa mto. Unaanza kwa wanawake wanaozungumza juu ya chakula kilichopungua na wanaume waliopelekwa kufanya kazi katika shamba la Mjerumani. Mpangilio huu ni wa maana. Kabla ya habari kubwa kutangazwa, mtazamaji amekwisha onyeshwa jiko la nyumba itakayoipokea. Wamatumbi, kwa ushahidi wa wazee wao, waliuita mnong'ono uliotangulia vita njwiywila. Hapakuwa na gazeti wala baragumu. Mtu alimnong'onezea mtu kwamba Ngarambe kuna aliyepandwa na pepo na kwamba mwaka huu ni mwaka wa vita. Habari ya namna hiyo haitegemei ukweli wake tu. Hutegemea ni nani aliyeinong'ona, na kwa kuwa aliyeinong'ona aghalabu alikuwa ndugu au jirani, kuikataa ilikuwa kama kumkataa yeye. Watawala waliokuwa na simu ya waya na boma hawakuisikia mpaka pamba ilipong'olewa mashambani huko Umatumbi.

Lakini jicho la Hussein linaonekana zaidi pale Kinjeketile anapogeuka kuwa msikiaji wa maneno yake mwenyewe. Alipokuwa amepandwa, alisema kuhusu maji, kuhusu umoja, na kuhusu kuwa watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Umati ulisikia maji na vita. Sehemu ile ya Seyyid haikumgutusha mtu. Anayegutuka ni msemaji, baada ya akili kumrudia, kwa sababu yeye anakumbuka kwamba kabla ya Mjerumani palikuwa na bwana mwingine, na anaogopa kwamba damu itamwagwa ili bwana abadilike. Walioteswa jana na mnyapara wa shamba la pamba hawakuwa na nafasi masikioni ya kumkumbuka bwana wa juzi. Hii ni picha ya kweli kuliko mafundisho mengi juu ya upokeaji wa habari: maneno yale yale, mkutano ule ule, na jambo lenye hatari kuliko yote likapita bila kusikiwa, maana halikugusa jeraha lililokuwa wazi siku ile.

Mwisho wa mchezo Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akane kwamba maji yalikuwa dawa. Anakataa. Shuleni hufundishwa kuwa hapo ameshinda, kwa kuwa neno lake litaishi na uhuru utakuja. Tafsiri hiyo haikukosea, bali imekwenda mbio. Mtu huyu amekwisha jua kwamba waliokunywa maji wamekufa. Anafikiri juu ya watoto ambao hawajazaliwa, na juu ya habari gani itawafikia. Anachagua kumbukumbu ya ukoo kwa niaba ya nyumba ambazo hakuziuliza. Je, ni haki kuwaachia watoto neno lililowaua baba zao? Hussein haitikii. Wafundishaji wengi wamemjibia, na kwa kumjibia wamemwondolea mchezo wake ule mgongano uliomgharimu kuuandika.

Sababu ya kumjibia inafahamika. Taifa changa lilihitaji kisa kimoja, na Maji Maji, vita vilivyounganisha makabila mengi ya kusini, vilifaa kuwa mwanzo wa kisa hicho. Kila mtoto wa shule akapewa babu mmoja wa pamoja. Walakini kumbukumbu za nyumba hazikukubali kuwa moja. Wataalamu waliokusanya utafiti wao katika kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 wameonyesha kuwa palikuwa na vita vingi ndani ya vita hivi, na kwamba watu wa mahali mbalimbali walivikumbuka kwa njia zisizolingana. Baadhi ya Wabena, mathalan, walikuwa wamepigana na Wangoni kwa miaka mingi kabla Mjerumani hajafika. Babu wa nyumba moja ni mvamizi wa nyumba nyingine. Nao askari waliochoma vijiji, wengi wao walikuwa Waafrika, nao wana wajukuu.

Zaidi ya yote kuna njaa. Wajerumani wenyewe walikadiria kuwa watu 75,000 walikufa; wanahistoria waliofuata wametaja 250,000 na hata 300,000. Sehemu kubwa ya hao hawakupigwa risasi. Walikufa kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi, na njaa ikafanya kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Songea, tarehe 27 Februari kila mwaka, huadhimishwa kumbukumbu ya mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Ni haki yao. Lakini aliyekufa kwa kula mizizi ya porini hana tarehe, hana mnara, na aghalabu hana jina nje ya ukoo wake, na hata ndani yake jina hilo hutajwa kwa shida, kwa maana kifo cha njaa huleta haya ambayo kifo cha vita hakina. Habari ya msamaha ilipotoka Songea ilijua mahali pa kwenda: ilikwenda kwenye kaburi lenye jina. Mjukuu wa aliyekufa njaa upande wa Liwale au Mahenge aliisikia pia, na kama haikumgusa, si kwa sababu hana kumbukumbu. Hakukuwa na neno ndani yake lililoitwa kwa jina la nyumba yake.

Habari za mafuvu zinaonyesha jambo hili kwa namna ya pekee. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyekufa mwaka 1898, lilitajwa katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Likarudishwa Kalenga mwaka 1954 na Gavana Twining, baada ya kuchaguliwa kwa vipimo miongoni mwa mafuvu ya jumba la makumbusho la Bremen. Wataalamu wameshuku kama ni lenyewe. Shaka hiyo ina nafasi yake katika vitabu, lakini fuvu limewekwa Kalenga nalo limeheshimiwa tangu siku ile. Mnamo Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba uchunguzi wa chembe za urithi umelinganisha mafuvu matatu na watu walio hai wa Kilimanjaro, ilhali la Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900, halikuwa miongoni mwake. Kumbukumbu ambayo zamani ilitoka kinywani kwa maneno sasa inatolewa kinywani kwa mate, ikatiwa katika kichupa na kupelekwa maabara. Jinsi nyumba inavyopokea habari ya namna hii, iwe ya kupata au ya kukosa, bado haijapata mtungaji wake katika Kiswahili, na ni ajabu kuwa hivyo.

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Afterlives, iliyotoka mwaka 2020, imelikaribia kwa upande mwingine. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini watu wake huishi kwa Kiswahili. Ilyas ni kijana wa pwani aliyelelewa na kusomeshwa na Wajerumani, akawapenda, akajiandikisha askari kwa hiari yake vita vya mwaka 1914 vilipokuja, akatoweka. Dada yake Afiya anamngoja maisha yake yote. Mtoto wa Afiya anapewa jina la mjomba, na pamoja na jina anarithi kitu kingine: husikia sauti, huandamwa na aliyepotea. Mtoto huyo akikua huwa mtu wa redio. Gurnah hafafanui uchaguzi huu, wala haukuhitaji kufafanuliwa. Aliyezaliwa katika nyumba inayongoja habari isiyokuja amefanya kazi ya kuwasomea wengine habari. Ni Ujerumani, alikopelekwa masomoni miaka ya 1960, ndiko anakoikuta ya kwao katika majalada: mjomba alikwenda Ujerumani, akaandamana na waliotaka makoloni yarudishwe, kisha akafa katika kambi ya Sachsenhausen. Jambo hili halikutungwa kwa hewa tupu. Bayume Mohamed Husen, askari wa Kijerumani aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, alifia katika kambi hiyo hiyo mwaka 1944.

Riwaya ina kasoro, na kasoro kubwa iko mwishoni: miaka mingi imebanwa katika kurasa chache, na ugunduzi uliongojwa kitabu kizima umesimuliwa kama ripoti. Inawezekana kumtetea mwandishi kwa kusema kuwa habari za namna hiyo ndivyo zijavyo, kwa karatasi kavu. Utetezi huo hauridhishi, kwa sababu Afiya ndiye aliyengoja, na msomaji ananyimwa nafasi ya kukaa naye vya kutosha habari ilipofika. Hata hivyo riwaya imefanya jambo ambalo Kinjeketile haukuweza kulifanya katika mwaka 1969. Imeingia katika nyumba ya aliyemtumikia Mjerumani, ikakuta humo upendo ule ule, kungoja kule kule. Nyumba hiyo ikisikia kwamba Ujerumani inaomba msamaha, haijui iketi upande gani wa baraza.

Hapo lugha yenyewe inaleta ugumu wa mwisho. Hotuba ya Songea ilitoka katika Kijerumani, na Kiswahili kina maneno mawili ya kuipokelea. Msamaha hutolewa na aliyekosewa, naye akiisha kufa, wazao wake huweza kuutoa kwa sehemu iliyo yao, kama wasamehevyo deni la marehemu. Radhi ni neno jingine. Watu huomba radhi hata kwa kosa dogo la njiani, lakini mzizi wa neno katika maisha ya Waswahili ni radhi ya mzazi kwa mwanawe, ambayo mwana hawezi kuitoa kwa niaba ya mzazi, wala mjukuu kwa niaba ya babu. Wako waliosema kuwa rais ameomba msamaha, na wako waliosema ameomba radhi, bila kuona tofauti. Tofauti ipo. La kwanza linawaendea jamaa waliokuwa wamekaa chini ya mahema siku ile. La pili linamwendea mtu aliye kaburini bila kichwa.